Boriti moja, modeli nne: uchague ipi?

Kijana mmoja wa ofisini alikuja mezani kwangu na kompyuta yake imefunguliwa, uso unamng'aa. "Injinia, boriti imekubali. Inashuka milimita nne tu." Nikamwuliza: milimita nne za boriti iliyopasuka, au ambayo haijapasuka? Akanyamaza, akaitazama skrini kama vile jibu limejificha kwenye zile rangi.

Namba alizoingiza zilikuwa sahihi. Vipimo sawa, mzigo sawa, na programu ni ya kawaida kabisa. Tatizo ni kwamba aliiuliza modeli swali ambalo haikutengenezwa kulijibu. Juu ya boriti ile kulikuwa na ukuta wa tofali, na ukuta wa tofali hauulizi boriti ina nguvu kiasi gani. Unauliza itashuka kiasi gani baada ya wenyewe kujengwa.

Ndiyo maana nimeona niziweke njia hizi pamoja, kwa boriti moja ile ile, ili mtu aone kila moja inasema nini na inakaa kimya wapi. Namba zote hapa unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha kawaida. Zirudie.

Boriti yenyewe

Upana milimita 250, kimo 500, mita 6 kutoka egemeo hadi egemeo, imekaa tu bila kushikwa ncha. Chini kuna nondo tatu za milimita 20, ringi (vyuma vinavyozungushia nondo) za milimita 8 kila milimita 200, kava (zege linalofunika chuma) milimita 25. Ukitoa kava, ringi na nusu ya nondo, kutoka uso wa juu hadi katikati ya nondo unabaki na 457. Zege ni C25/30, yaani linavumilia kubanwa kwa MPa 25 (nyutoni kwa kila milimita ya mraba) likipimwa kwa silinda na 30 kwa kyubu. Nondo ni za MPa 500. Mzigo wa matumizi ni 20 kN (kilonyutoni) kwa mita, uzito wa boriti yenyewe (kama 3.1) ukiwa ndani. Momenti, yaani nguvu ya kupinda, katikati ni 90 kNm.

Si boriti ya ajabu. Ziko maelfu mjini, nyingine umepita chini yake leo asubuhi.

Programu ya fremu

Hii ndiyo ETABS, SAP2000, Prokon na ndugu zao. Unachora mistari, unaweka vipimo, programu inaichukulia boriti kama kitu kimoja kisichopasuka, ambacho mzigo ukiongezeka mara mbili nacho kinapinda mara mbili. Kwa boriti yetu inatoa momenti 90, mkato (nguvu inayotaka kuikata boriti) 60 kN kwenye egemeo, na kushuka milimita 4.2 katikati.

Mbili za kwanza ni sahihi. Ya tatu si ya boriti hii.

Angalia. Zege la C25/30 linavumilia kuvutwa kwa wastani wa MPa 2.6 tu. Ukifanya hesabu, boriti hii inapata ufa wa kwanza momenti ikifika 27 kNm hivi, sawa na mzigo wa 6 kN kwa mita. Uzito wake mwenyewe umeshakula nusu ya hapo. Ukiweka slabu juu, imeshapasuka. Nyufa nyembamba za kawaida ambazo hazimtishi mtu, lakini ugumu wa boriti umeshabadilika kabisa. Inersia, kipimo cha jinsi umbo linavyokataa kupinda, ya sehemu nzima ni milioni 2,604 za mm⁴. Ya sehemu iliyopasuka ni milioni 833. Mara tatu na ushee chini.

Wapo wanaojua hili na wanapunguza inersia ndani ya programu. ACI 318, kanuni ya zege ya Marekani, inakupa 0.35 kwa boriti na 0.70 kwa nguzo. Ukiweka 0.35 hapa, kushuka kunakuwa milimita 12, na kama utakavyoona hapa chini, hilo liko karibu sana na ukweli wa muda mfupi. Lakini usifurahi haraka. Vigawo vile viliwekwa kwa ajili ya hesabu za nguvu, na kwa boriti yetu vimeangukia mahali pazuri kwa bahati. Boriti yenye nondo nyingi zaidi, au yenye mzigo mdogo ambayo haijapasuka sana, vitaikosa.

Pamoja na hayo, siiachi programu ya fremu. Jengo la ghorofa sita lenye boriti zinazoendelea juu ya nguzo nyingi, nani atagawa momenti kwa mkono? Kazi yake ni kukuambia nguvu zinapita wapi. Ukiitumia kwa hilo, hakuna inayoishinda kwa kasi.

Karatasi na kikokotoo

Wanaoidharau njia hii mara nyingi hawajawahi kuifanya mpaka mwisho.

Nguvu ya kupinda kwanza. Nondo tatu zina eneo la mm² 942, zikifika MPa 500 zinavuta 471 kN. Zege la juu lazima lisukume 471 hizo hizo. Kwa mkazo wa 0.85 ya 25 linahitaji kina cha milimita 89. Mkono wa nguvu ni 457 toa nusu ya 89, kama 413. Zidisha: 194 kNm. Hiyo ni nguvu halisi bila vigawo vya usalama. Ukiviweka vya Eurocode, kanuni za Ulaya, inashuka hadi kama 164. Dakika tano, na ukiwa na mazoea ni mbili.

Sasa kushuka. Sehemu iliyopasuka peke yake ingetoa milimita 13. Lakini zege lililo kati ya ufa na ufa bado linashikana na nondo na kusaidia kidogo, kwa hiyo Eurocode inachanganya hali mbili kwa kigawo kinachotegemea momenti ya ufa. Inatoka milimita 12 na kitu. Halafu miaka inapita, zege linalegea polepole chini ya mzigo. Tuseme mzigo wote ni wa kudumu na kigawo cha kulegea ni 2: tunafika milimita 17 hivi, na bado kusinyaa hakujaongezwa, nako huongeza milimita kadhaa.

Kikomo cha urefu kugawanya kwa 250 ni milimita 24. Tumebaki chini yake, lakini kwa kubana. Kikomo cha kulinda kuta, urefu kugawanya kwa 500, kinahesabu kushuka kunakotokea baada ya ukuta kujengwa tu, nacho ni milimita 12. Hapo inategemea ukuta umejengwa lini na mbao za kushikilia zege zimetolewa lini. Kijana wangu mwenye milimita nne hakuwa hata na sababu ya kuuliza maswali hayo.

Faida kubwa ya karatasi ni kwamba inakuonyesha kipi kina uzito. Jaribu: zege la saiti likitoka dhaifu, MPa 17 badala ya 25. Theluthi nzima ya nguvu ya zege imepotea! Rudia hesabu, nguvu ya kupinda inashuka kutoka 194 hadi 185. Asilimia tano tu, kwa sababu nondo ndizo zinazoamua. Sasa fikiria kibaraza kinachoning'inia, ambacho nondo zake ziko juu, na vijana wa toroli wamezikanyaga wakati wa kumwaga mpaka zikashuka milimita 40. Kwa sehemu yenye vipimo kama hivi unapoteza kama asilimia kumi. Kwenye slabu ya kibaraza yenye unene wa milimita 150 unapoteza theluthi au zaidi. Ndiyo maana siku ya kumwaga mimi husimama karibu na fundi nondo kuliko karibu na mashine ya kuchanganyia.

Karatasi inashindwa pale unapotaka safari nzima: boriti ilivyoanza kupasuka, nondo zilipoanza kujivuta bila kurudi, ilivyoendelea kubeba huku ikipinda, hadi zege la juu liliposagika. Inakupa vituo, haikupi barabara.

Matabaka

Hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi, na nasema wazi ili usome ukijua ninakoegemea.

Chukua sehemu ya boriti, ikate kwa mlalo matabaka thelathini. Chukulia kwamba ikipinda, kurefuka na kufupika kunabadilika kwa mstari mnyoofu kutoka juu hadi chini. Kila tabaka lina umbali wake, kwa hiyo unajua limebanwa au limevutwa kiasi gani, na mkunjo (grafu) wa tabia ya zege au chuma unakuambia linatoa nguvu gani. Jumlisha nguvu zote. Kama hazifiki sifuri, sogeza mstari wa kati (pale pasipobanwa wala kuvutwa) juu au chini, rudia. Zikifika sifuri, hesabu momenti. Ongeza kupinda kidogo, anza upya.

Ni kazi ya jedwali la Excel na amri moja ya kutafuta jibu. Kwa Python ni mistari kama sitini. Nimewafundisha wahitimu wapya kuiandika kwa siku moja, na siku ya pili wanaongea kuhusu boriti tofauti na walivyokuwa wakiongea.

Kwa boriti yetu, nondo zinaanza kujivuta kupinda kukiwa kama sehemu 7.6 za milioni kwa milimita. Zege la juu linasagika kukiwa kama sehemu 31 za milioni. Yaani kutoka nondo zilipoanza kusalimu amri mpaka mwisho, sehemu ile inaendelea kupinda hadi mara nne huku momenti ikibaki karibu pale pale. Hiyo ndiyo boriti inayokupa onyo: nyufa zinapanuka, dari inaonekana imezama, watu wanatoka. Ongeza nondo bila kuongeza kimo na utaona hiyo mara nne inayeyuka. Karatasi haikuonyeshi hili kwa urahisi hivyo.

Ukitaka boriti nzima au fremu nzima kwa mtindo huu, ipo OpenSees, ya bure, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ina mtego mmoja unaowanasa wengi: zege likianza kudhoofika, uharibifu wote unajikusanya kwenye pointi moja ya kukokotolea, na jibu linabadilika kulingana na ulivyoweka pointi ngapi. Weka urefu wa sehemu inayoharibika wewe mwenyewe, usiiachie programu.

Mtego mkubwa zaidi ni ule unaofichwa na dhana ya mstari mnyoofu. Matabaka hayaoni mkato.

Mkato, na kwa nini nausimamia peke yake

Ondoa ringi kwenye boriti yetu. Matabaka yatakuambia kwa utulivu kabisa kwamba inabeba 43 kN kwa mita, ile ile 194 kNm. Hayajaona tofauti. Sasa tumia kanuni ya Eurocode ya mkato bila ringi, bila kigawo cha usalama: kama 94 kN. Pima kwenye umbali wa 457 kutoka egemeo, unapata mzigo wa kama 37 kN kwa mita. Boriti inakatika kwa ufa wa mshazari kabla nondo hazijaanza kujivuta. Na mkato haupigi hodi.

Agosti 1955, sehemu ya paa la ghala la jeshi la anga la Marekani huko Shelby, Ohio, ilianguka kwa namna hii. Boriti zake zilikatika mahali ambapo ringi hazikuwepo. Tukio hilo lilichangia sana utafiti uliofuata. Mwaka 1963 watafiti Bresler na Scordelis walichapisha majaribio yao ya boriti 12 kule Berkeley, tatu kati ya hizo zikiwa hazina ringi kabisa. Mwaka 2004 Vecchio na Shim wakazijenga upya Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, ili kupata data kamili zaidi. Zikumbuke boriti hizo; tutazirudia.

Toronto ndiko pia ilikotoka nadharia ya Vecchio na Collins ya mwaka 1986, inayolitazama zege lililopasuka kama nyenzo mpya yenye tabia zake: linabanwa kwa mshazari, linavutwa upande mwingine, na kadiri linavyovutwa ndivyo uwezo wake wa kubanwa unavyopungua. Evan Bentz akaiweka kwenye programu ndogo ya bure iitwayo Response-2000. Inachukua sehemu ya boriti kwa matabaka kama yale ya juu, lakini na mkato ndani. Unaingiza vipimo kwa dakika chache na unaona nyufa zikichorwa kwa pembe zake. Kwa boriti moja inayokutia wasiwasi wa mkato, sijapata kitu chenye faida kubwa kuliko hiki kwa jasho dogo hivi.

Mipaka yake: inatazama sehemu moja, mbali na egemeo na mbali na mzigo uliokaa pointi moja. Karibu na egemeo, kwenye boriti fupi zenye kimo kikubwa, kwenye kichwa cha rundo la nguzo za msingi, zege linabeba kwa upinde na nadharia ya sehemu inapoteza maana. Hapo chora fito za kubana na za kuvuta, kama walivyofanya Ritter na Mörsch zaidi ya miaka mia iliyopita. Ni njia ya karatasi, ya usalama, na sitaieleza zaidi kwa sababu kwa boriti ya kawaida huihitaji.

Jambo moja bado kuhusu mkato: ukubwa. Mtafiti Kani alionyesha mwaka 1967 kwamba boriti bila ringi ikiwa ndefu zaidi kwenda juu, nguvu yake kwa kila milimita ya mraba inapungua. Kielelezo kidogo cha maabara kinakudanganya kuhusu boriti kubwa ya daraja. Mwaka 2015 Toronto walijaribu kipande chenye kimo cha mita 4, na kabla ya kukivunja wakawaomba wahandisi wa nchi mbalimbali watabiri. Majibu yalipishana mno, ya juu yakiwa mara kadhaa ya yale ya chini. Watu wazima, wenye vyeti ukutani.

Elementi za pande tatu

Hapa ndipo kila mwanafunzi wa shahada ya pili anataka kuanzia. Abaqus, ATENA, DIANA, ANSYS. Boriti imegawanywa vipande vidogo (ndizo elementi, na mpangilio wake ndio wavu), nyufa zinaonekana kwa rangi nyekundu, wasimamizi wanapenda.

Na njia hii ni ya kweli, tusiibeze. Mwaka 1967 Ngo na Scordelis waliichapisha ya kwanza ya boriti ya zege yenye nondo, nyufa zikiwa zimechorwa kabla na nondo zimeunganishwa na zege kwa springi. Mwaka uliofuata Rashid akaja na wazo la kutandaza ufa ndani ya elementi badala ya kuukata wavu. Mwaka 1976 Hillerborg na wenzake wawili kule Lund, Sweden, wakaleta nishati ya kupasua zege, na mwaka 1983 Bažant na Oh wakaifunga kwenye upana wa ukanda wa ufa. Bila hayo mawili ya mwisho, modeli yako ni mapambo.

Nieleze kwa nini. Zege letu linahitaji nishati ya kama jouli 137 kwa kila mita ya mraba ya ufa ili litengane kabisa. Ukichukulia linashuka kwa mstari mnyoofu, ufa unaacha kubeba kitu ukifika upana wa milimita 0.105. Elementi ikiwa ya milimita 50, hiyo ni kurefuka kwa 0.0021. Ikiwa ya 25, ni 0.0042. Sasa mtu anaingiza mkunjo mmoja wa kurefuka alioukuta kwenye tasnifu ya mwenzake, halafu anabadilisha wavu kutoka 50 hadi 25 "ili iwe sahihi zaidi". Amepunguza nusu ya nishati ya zege lake bila kujua. Kwa boriti yetu ametoka elementi 6,000 hadi 48,000, kompyuta imeunguruma usiku kucha, na jibu limekuwa baya zaidi. Ingiza mkazo dhidi ya upana wa ufa, si dhidi ya kurefuka, na mtego huu unakuachia.

Mitego mingine nimeikuta mara nyingi kiasi kwamba sasa naiangalia kabla hata sijaona matokeo.

Egemeo. Mtu ameshika ncha zote mbili zisisogee mlalo. Boriti ikipasuka inataka kurefuka, ncha zinaikatalia, inageuka upinde, na nguvu inapanda juu ya ile ya maabara. Anafurahi kwamba modeli "inaonyesha akiba". Ncha moja lazima iteleze. Na weka bamba la chuma chini yake, la sivyo zege linasagika kwenye mstari mmoja.

Mnato wa kusaidia hesabu ifike mwisho. Ukiuongeza, makosa yanayosimamisha hesabu yanapotea na mkunjo unapendeza, lakini sehemu ya nguvu unayoiona ni ya ule mnato, si ya zege. Punguza mara kumi uone kama jibu linabaki. Wanaotumia hesabu ya mwendo badala yake nao wapime nishati ya mwendo. Ikipita asilimia chache za nishati ya ndani, wanapiga boriti nyundo badala ya kuipakia mzigo.

Pembe ya kutanuka, yaani kiasi zege linavyotanuka likiharibika. Kwenye modeli ya zege la plastiki na uharibifu ya Abaqus, watu huweka kati ya nyuzi 30 na 40, na wengi huisogeza mpaka mkunjo wao uangukie juu ya ule wa maabara. Halafu wanaandika kwamba modeli imethibitishwa. Ukiisogeza kwa boriti moja, lazima uiache pale pale kwa boriti ya pili na ya tatu. Ikikataa, huna modeli, una picha ya jaribio moja.

Na vigawo vya usalama: usiviweke kwenye nguvu za nyenzo halafu ukaiendesha modeli hii kama kawaida. Ukilidhoofisha zege na chuma kwa viwango tofauti unaweza kubadilisha boriti inavyovunjika. Endesha kwa wastani, punguza mwishoni.

Mfano wa mtu kuamini wavu bila karatasi upo, na ni wa gharama kubwa. Tarehe 23 Agosti 1991, Sleipner A, msingi wa zege wa mtambo wa mafuta na gesi, ulizama kwenye Gandsfjord karibu na Stavanger, Norway, wakati wa kuujaribu kwa maji. Uchambuzi wa elementi, tena ule wa kawaida usiopasuka, ulikuwa na wavu mbovu mahali ambapo kuta zinakutana, na mkato ukatoka chini kwa asilimia 47. Hasara ilikadiriwa kwa jumla kuwa dola milioni 700. Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye 65.

Pembeni kwa pembeni

| | Fremu | Karatasi | Matabaka | Pande tatu |
|---|---|---|---|---|
| Kushuka kwa muda mfupi | mm 4.2 | mm 12 | karibu mm 12 | inategemea ulivyoiweka |
| Mzigo wa kuvunjika kwa kupinda | haijui | 43 kN/m | 43 kN/m | inaweza, ikipimwa kwanza |
| Mkato bila ringi | haijui | 37 kN/m | haioni (Response-2000 inaona) | inaweza, ikipimwa kwanza |
| Muda wangu | dakika | nusu saa | nusu siku mara ya kwanza | wiki |

Safu ya mwisho sikuijaza namba kwa makusudi. Nikiweka namba, utaichukua.

Mimi ningechagua hivi

Nyumba ya ghorofa, boriti za kawaida: fremu kwa momenti, karatasi kwa nondo, ringi na kushuka. Kwisha. Ukiwa bado unatumia BS 8110, kanuni ya zamani ya zege ambayo Uingereza wenyewe waliiondoa mwaka 2010, hesabu ya kupinda haitatofautiana sana. Kwa mkato soma upya, kwa sababu Eurocode inakuruhusu kulaza pembe ya ufa, na ringi zetu za 8 kila 200 zinatoa 90 kN kwa nyuzi 45 lakini zaidi ya mara mbili ya hapo ukilaza mpaka mwisho.

Jengo la zamani linalobadilishwa matumizi, na hujui limebakiwa na akiba gani: matabaka, na Response-2000 kama ringi ni chache au zimekaa mbali. Pima vipande vya zege vilivyokatwa humo, tafuta nondo kwa kifaa, usikisie. Modeli nzuri yenye nondo za kukisia ni uongo uliopigwa pasi.

Tetemeko la ardhi, bonde la ufa, jengo refu: matabaka ndani ya OpenSees, ukijua mkato umeulinda kwa njia nyingine.

Boriti yenye tundu kubwa la bomba la AC, ncha iliyokatwa ngazi, boriti iliyofungwa karatasi za kaboni, moto: hapo ndipo pande tatu inastahili wiki zake. Karatasi haina la kusema kuhusu tundu lililo karibu na egemeo.

Na wewe wa tasnifu, kabla hujaigusa boriti yako: chukua ile boriti iitwayo OA1 ya Bresler na Scordelis, isiyo na ringi, iliyokatika kwa mshazari. Ijenge kwenye programu yako. Usiguse kigawo chochote baada ya hapo, hamia OA2, halafu A1 yenye ringi. Zikitoka zote tatu, nitakaa nawe tuangalie ya kwako. Yule kijana wa milimita nne yuko kwenye OA2 sasa. Imemgomea wiki ya pili, na juzi aligundua ameshika ncha zote mbili.